Bonsai: Sanaa ya kuutunza mti mkubwa ndani ya chungu kidogo

MNAMO Januari 2019, wezi walivamia kitalu kimoja katika mkoa wa Saitama, kaskazini mwa jiji la Tokyo nchini Japani, wakatoweka na miti saba iliyopandwa vyunguni. Mmoja kati ya miti hiyo, junipa wa aina ya shimpaku, ulikuwa na umri wa takriban miaka 400 na thamani yake ilikadiriwa kuzidi yeni milioni 10.

Hata hivyo, kilichowagusa wengi si thamani hiyo bali ombi lililotolewa na wenye kitalu, mume na mke. Walimsihi yeyote aliyekuwa na miti hiyo ainyweshe maji, kwani shimpaku haiwezi kumaliza wiki moja bila maji. Walieleza hata jinsi inavyofaa kutunzwa, ili isife mikononi mwa watu wasioijua.

Ombi hilo lafafanua sanaa ya bonsai kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Mti uliodumu karne nne, ukapita katika mikono ya vizazi vingi, waweza kukauka kwa siku saba pasipo mtu wa kuutazama. Umri wake wote unategemea kazi ndogo ambayo sharti ifanywe leo, na kesho, na kesho kutwa.

Ni sanaa iliyoenea kote duniani, na humu nchini pia miti hiyo midogo huonekana katika vitalu vya maua na nyumbani kwa wapenzi wa mimea. Hata hivyo, wengi wanaoinunua huishia kutupa kijiti kikavu baada ya miezi michache, wakidhani kwamba mkono wao haufai au kwamba mti ulikuwa na kasoro. Mara nyingi sababu ni kutoelewa bonsai ni nini hasa.

Maana ya bonsai

Neno bonsai ni la Kijapani na limeundwa kwa sehemu mbili: 'bon', yaani sinia au chombo chenye kina kifupi, na 'sai', yaani kupanda. Kwa hivyo, maana yake ya msingi ni kilichopandwa chomboni. Lakini si kila mmea uliomo chomboni huitwa bonsai. Shabaha ya sanaa hii ni kuufanya mti mdogo uonekane kama mti mzee uliokomaa porini, wenye shina nene, gome lililopasukapasuka na matawi yaliyopangika, ilhali kimo chake ni cha kuwekwa mezani.

Kwa kawaida, bonsai huainishwa kwa kimo. Ile midogo kabisa, iitwayo mame, haizidi takriban sentimita 10 na yaweza kukaa kiganjani. Ile ya shohin hufikia takriban sentimita 20, nayo mikubwa huweza kufika mita moja au zaidi na kuhitaji watu wawili au zaidi kuibeba.

Zipo dhana tatu potovu zinazofaa kuondolewa mapema. Ya kwanza ni kwamba bonsai ni aina ya mti iliyoumbwa ikiwa mbilikimo. Sivyo. Msonobari uliomo chunguni ni ule ule unaopaa mita nyingi msituni, na ukirudishwa ardhini utarefuka tena. Udogo wake hutokana na kupogolewa mara kwa mara na kubanwa mizizi, wala si maumbile yake.

Dhana ya pili hutokana na ya kwanza, nayo huwagharimu watu pesa. Wapo wafanyabiashara wanaouza pakiti zilizoandikwa 'mbegu za bonsai'. Hakuna mbegu kama hizo. Kilichomo ndani ni mbegu za kawaida za miti ya kawaida, na anayezipanda akisubiri mti mdogo ujitokeze wenyewe atasubiri hadi apate mti mkubwa.

Dhana ya tatu ni kwamba bonsai ni mti unaoteswa kwa njaa na kiu. Ukweli ni kinyume chake. Mti ulio katika udongo wa viganja viwili hauna akiba yoyote ya kujitafutia, hivyo ukinyimwa maji au chakula hufa upesi. Bonsai iliyofikisha miaka 200 ni ushahidi kwamba kwa miaka 200 hakuna aliyezembea.

Ilivyoanza Uchina na kukomaa Japani

Ingawa jina lake ni la Kijapani, chimbuko la sanaa hii ni Uchina, ambako kutengeneza mandhari ndogo za miti na miamba ndani ya sinia huitwa penjing. Katika kaburi la Mwanamfalme Zhang Huai wa enzi ya Tang, karibu na mji wa Xi'an, michoro ya ukutani ya mwaka 706 yaonyesha watumishi wakiwa wamebeba vyombo vyenye miti midogo na mawe. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi unaojulikana.

Sanaa hiyo ilivuka bahari hadi Japani pamoja na mafundisho ya dini ya Kibudha, yaliyobebwa na watawa na wajumbe waliosafiri kati ya nchi hizo mbili. Michoro ya Kijapani ya mwaka 1309 tayari yaonyesha miti iliyopandwa katika masinia na vyombo vya mbao.

Mapenzi ya Wajapani kwa miti hiyo yalijidhihirisha pia jukwaani. Katika Hachi no Ki, mchezo wa jadi wa aina ya Noh, askari fukara anampokea mtawa msafiri usiku wa theluji. Hana kuni za kumwotesha moto mgeni wake. Amebakiwa na miti mitatu ya chunguni, mplamu, mcheri na msonobari, iliyosalia kutoka siku zake za neema. Anaikata na kuiwasha. Baadaye yabainika kwamba mgeni huyo alikuwa Hojo Tokiyori, mtawala wa nchi aliyejigeuza, naye anamtuza mwenyeji wake kwa mashamba matatu. Uzito wa kisa hicho hauwezi kueleweka na asiyejua miaka inayozama katika mti mmoja wa aina hiyo.

Watawala nao hawakuachwa nyuma. Tokugawa Iemitsu, aliyekuwa shoguni kuanzia 1623 hadi 1651, alisifika kwa kupenda miti ya vyunguni. Msonobari mmoja uhusishwao naye, ambao umri wake wakadiriwa kupita miaka 500, ungali unatunzwa katika mkusanyiko wa Kasri la Mfalme jijini Tokyo.

Nchi za Magharibi zilianza kuifahamu sanaa hii katika karne ya 19, hasa kupitia maonyesho ya kimataifa kama yale ya Paris ya mwaka 1878. Wengi wa kizazi cha karibuni waliifahamu kupitia filamu ya 'The Karate Kid' ya mwaka 1984, ambamo mzee Miyagi anaonekana akiitunza miti yake kwa utulivu.

Kijiji cha bonsai

Mnamo Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliharibu Tokyo na maeneo jirani. Wakuzaji wa bonsai waliokuwa wakiishi jijini walitafuta mahali penye nafasi, hewa safi, maji na udongo unaofaa. Walihamia Omiya, mkoani Saitama, na mnamo 1925 kikaanzishwa kijiji kilichokuja kujulikana kote duniani kama Kijiji cha Bonsai.

Wakazi wake walijiwekea masharti. Kila mmoja alitakiwa kumiliki bonsai zisizopungua kumi, kulifungua lango lake kwa wageni, kutojenga nyumba ya ghorofa, na kuzungushia boma lake ua wa mimea badala ya ukuta. Masharti hayo hayakuwa ya urembo tu: nyumba ya ghorofa ingetia kivuli kwenye miti ya jirani, nao ukuta ungezuia upepo.

Katika miaka ya 1930 kijiji hicho kilikuwa na vitalu takriban 30. Leo vilivyosalia havifiki kumi. Ili kuuhifadhi urithi huo, jumba la makumbusho la sanaa ya bonsai lilifunguliwa Omiya mnamo Machi 2010. Kupungua kwa vitalu kwaonyesha ugumu unaoikabili kazi hii, kwani uanagenzi wake huchukua miaka mitano au zaidi, na fundi huanza kwa kufagia na kunywesha maji kabla ya kukabidhiwa mkasi.

Msonobari ulionusurika bomu

Hakuna mti unaoeleza uzito wa urithi huo kama msonobari wa familia ya Yamaki. Mti huo, msonobari mweupe wa Kijapani, ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625. Mnamo Agosti 6, 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, mti huo ulikuwa katika kitalu cha familia hiyo takriban kilomita tatu kutoka mahali bomu lilipolipukia. Ukuta uliozingira kitalu uliukinga. Vioo vya nyumba vilivunjikavunjika, lakini familia ilinusurika, na mti pia.

Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru, Japani iliitunuku nchi hiyo bonsai 53. Fundi Masaru Yamaki alitoa msonobari huo kwa taifa ambalo ndege yake iliangusha bomu karibu na nyumba yake. Waliopokea zawadi hiyo hawakuambiwa historia hiyo. Ilijulikana mwaka 2001, pale wajukuu wa Yamaki walipofika Washington kuuona mti wa babu yao. Mti huo ungali hai katika bustani ya taifa ya miti jijini humo, ukiwa umepita umri wa miaka 400 tangu uanze kulelewa.

Jinsi ya kuanza

Anayetaka kuanza hahitaji msonobari wa karne nne. Anahitaji mti wenye afya, chombo chenye matundu, udongo unaopitisha maji na subira. Zipo njia kadhaa za kupata mti wa kuanzia.

Njia ya mbegu ndiyo ya polepole zaidi, kwani huenda miaka mitano au kumi ikapita kabla ya shina kunenepa. Vipande vya matawi vinavyopandwa hadi vitoe mizizi hupunguza muda huo. Njia nyingine ni kuondoa gome la tawi nene kwa umbo la pete, kulifunika jeraha hilo kwa udongo mnyevu na kulifunga kwa plastiki. Mizizi ikishatoka hapo, tawi hukatwa chini yake na kuwa mti mpya wenye shina nene tayari.

Kwa anayeanza, njia iliyo rahisi ni kununua mche uliokwisha kukaa kitaluni miaka michache. Anapochagua asivutiwe na wingi wa majani, bali achunguze shina. Shina linalofaa ni nene chini na hukonda kadiri linavyopanda, lina matawi ya chini, na mizizi yake ya juu imetapakaa pande zote kana kwamba mti umeikamata ardhi. Mizizi hiyo huitwa nebari, nayo ndiyo huupa mti sura ya uzee.

Jambo moja huwakosesha wengi. Shina halinenepi upesi ndani ya chungu kidogo. Anayetaka shina nene huuacha mti ardhini, au katika chombo kikubwa, ukue kwa uhuru kwa miaka kadhaa, kisha ndipo aupunguze na kuuhamishia katika sinia. Kuuharakisha kuingia chunguni ni kuudumaza ukiwa kijiti.

Chungu na udongo

Kanuni ya wengi ni kwamba kina cha chungu kilingane na unene wa shina penye tako lake, na urefu wa chungu uwe theluthi mbili za kimo cha mti. Matundu ya chini hufunikwa kwa vipande vya wavu ili udongo usitoroke, na waya hupitishwa humo kuufunga mti usitikisike. Mti unaoyumba kwa upepo hukatikakatika mizizi michanga na kukosa kushika.

Udongo wa kawaida wa shamba haufai. Ukiwa ndani ya chombo kifupi hushikamana, ukazuia hewa na kuozesha mizizi. Wajapani hutumia akadama, udongo wa chembechembe ngumu unaotokana na majivu ya volkano. Palipokosekana akadama, mchanganyiko wa vijiwe vyepesi vya volkano, mchanga mnene na vipande vya matofali yaliyopondwa hufanya kazi hiyo hiyo. Chembe huchekechwa zibaki za milimita mbili hadi sita, na vumbi lote likatupwa.

Mti huhamishwa au kubadilishiwa udongo kila baada ya mwaka mmoja au miwili ukiwa mchanga, na kila baada ya miaka mitatu hadi mitano ukikomaa. Takriban theluthi moja ya mizizi hukatwa, hasa ile minene inayoelekea chini, ili mizizi midogo ichipuke karibu na shina. Baada ya hapo mti huwekwa kivulini kwa wiki mbili au tatu, wala haupewi mbolea kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Maji kabla ya mkasi

Husemwa Japani kwamba kujifunza kunywesha maji huchukua miaka mitatu. Kauli hiyo haina chumvi, maana maji ndiyo huua bonsai nyingi, yakizidi au yakipungua.

Hakuna ratiba moja ifaayo kila mti. Mkuzaji huchomeka kidole au kijiti udongoni: kikitoka kikavu, ni wakati wa maji, kikitoka na unyevu, husubiri. Anaponywesha hana budi kuendelea hadi maji yatokee kwenye matundu ya chini, ili udongo wote ulowe. Kunyunyizia juu juu hulowesha uso wa udongo na kuacha mizizi ya ndani ikiwa na kiu. Siku za jua kali na upepo huenda ukahitajika mkono wa pili jioni.

Kosa jingine kubwa ni kuiweka bonsai sebuleni karibu na runinga kama pambo. Bonsai ni mti, na mti huishi nje penye jua, upepo na umande. Baadhi, kama jamii ya mikuyu, huvumilia kukaa ndani karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, lakini miti mingi hufifia. Wajapani wenyewe huiingiza ndani siku chache tu za wageni au sherehe, kisha wakairudisha nje.

Kwa kuwa maji mengi huosha rutuba, mti huhitaji mbolea kidogo kidogo katika majira yake ya kukua. Mti mgonjwa, au uliokatwa mizizi hivi karibuni, haupewi mbolea.

Kuupa mti umbo

Hatua ya kwanza ni kuchagua upande wa mbele, yaani upande ambao shina na mizizi huonekana vyema. Kisha huamuliwa mtindo. Upo mtindo wa shina lililonyooka wima, lililopindapinda, lililoinama upande mmoja, lililopeperushwa na upepo, na lile linaloteremka chini ya ukingo wa chungu kama mti ulioota kwenye jabali. Upo pia mtindo wa msitu, ambapo miti kadhaa hupandwa katika sinia moja. Mfano maarufu ni 'Goshin' wa John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani aliyeishi kuanzia 1914 hadi 2004. Ni msitu wa junipa 11, kila mmoja ukimwakilisha mjukuu wake mmoja.

Mitindo hiyo haikubuniwa hewani. Kila mmoja waiga jambo lililoonekana porini: upepo wa baharini, theluji nzito, mwamba ulioporomoka. Ndiyo maana wakufunzi huwahimiza wanafunzi wao watazame miti ya kawaida kabla ya kugusa mkasi.

Upogoaji ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kujenga umbo, ambapo matawi yasiyohitajika huondolewa: yanayopishana, yanayotazamana kwenye kifundo kimoja, na yanayoota ndani ya pindo la shina. Tawi la kwanza kwa kawaida huachwa penye theluthi ya kimo cha mti. Wa pili ni wa kulinda umbo, ambapo ncha za chipukizi hukatwa kila mara. Ncha ikikatwa, vichomozo viwili au zaidi hutokea nyuma yake, matawi yakazidi kugawanyika na majani yakazidi kuwa madogo. Hata hivyo, maua na matunda hayapungui ukubwa kama majani, na ndiyo sababu komamanga likizaa chunguni hubaki na ukubwa wa kuulemea mti.

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi yaingia hapa moja kwa moja. Matawi huelekezwa kwa waya wa alumini, au wa shaba iliyolainishwa kwa moto, yakiwa bado machanga na yanapindika. Unene wa waya huwa takriban theluthi ya unene wa tawi, nao huzungushwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Baada ya miezi kadhaa tawi hushika mkao wake mpya. Sharti waya utazamwe kila wiki, maana tawi hunenepa na waya ukaweza kuzama katika gome, ukaacha kovu litakaloonekana kwa miaka. Unapoondolewa hukatwa vipande vipande badala ya kufunguliwa, ili tawi lisivunjike.

Miti ya humu nchini

Wengi huanza kwa kutafuta msonobari au mepo wa Kijapani, wakakata tamaa. Miti hiyo imezoea kipindi cha baridi kali kinachoipumzisha kila mwaka, na katika nchi ya ikweta hudhoofika taratibu. Ni busara kuanza na miti iliyozoea jua la hapa.

Mikuyu na mugumo huvumilia makosa ya anayejifunza, huota kwa urahisi kutokana na vipande vya matawi, na hutoa mizizi ya juu yenye kupendeza. Mkwaju una majani madogo na gome linalozeeka mapema. Bogenvilia na mkomamanga huleta maua. Kayaba, inayotumiwa kama ua wa kuzungushia boma, huwa na mashina minene iliyokatwa kwa miaka mingi, na ua wa zamani unapong'olewa huacha visiki vinavyoweza kufufuliwa chunguni. Mtarakwa wa nyanda za juu nao ni wa jenasi moja na junipa zinazothaminiwa Japani.

Migunga ina majani madogo yaliyogawanyika, sifa inayotafutwa na wakuzaji, lakini mzizi wake mkuu huzama mbali. Usipokatwa mche ungali mchanga, kuuhamisha baadaye huwa hatari. Mbuyu pia hukubali chungu, na shina lake hufura mapema.

Waridi la jangwani, linaloota katika maeneo makavu, huhifadhi maji ndani ya shina lake nono. Huyo hauawi na kiu bali huozeshwa na maji mengi. Tahadhari yahitajika kwa wenye watoto na mifugo, kwa kuwa utomvu wake ni sumu, na jamii kadhaa za Afrika Mashariki ziliutumia katika kutengeneza sumu ya mishale.

Afrika Kusini tayari yatoa mfano wa kuigwa. Wakuzaji wa huko hawakuridhika na maumbo ya misonobari ya Kijapani, wakaunda mtindo unaofuata umbo la migunga ya savana yenye kilele bapa kama mwavuli. Mtindo huo uliitwa Pierneef kwa heshima ya mchoraji wa mandhari Jacob Hendrik Pierneef, aliyeishi kuanzia 1886 hadi 1957.

Majira nayo ni tofauti. Vitabu vya Japani na Ulaya huagiza mti ubadilishiwe udongo mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Huku, wakati unaolingana na huo ni pale mti unapoanza kutoa vichomozo, aghalabu mvua inapokaribia au kuanza kunyesha.

Miti ya porini si ya bure

Baadhi ya bonsai zinazosifika duniani zilichukuliwa milimani, zikiwa tayari zimekunjwa na upepo na ukame. Wajapani huziita yamadori. Utafutaji huo ulikuwa na gharama yake: katika maeneo mengi ya Japani, shimpaku za milimani ziling'olewa hadi zikawa adimu.

Kenya haina sababu ya kurudia kosa hilo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yakataza kukata, kuchukua au kuondoa mazao ya misitu ya umma bila leseni. Zaidi ya sheria, mti mzee unaong'olewa na asiye na ujuzi kwa kawaida hufa, na hasara hiyo hailipiki. Vitalu vya miche, nyua za zamani na viwanja vinavyosafishwa kwa ajili ya ujenzi, kwa idhini ya wenyewe, vyatosha kumpa mkuzaji miti ya kujifunzia.

Ni vyema anayeanza awe na miti mitatu au minne ya bei nafuu badala ya mmoja wa bei ghali. Mwenye mti mmoja huwa na mazoea ya kuukatakata kila siku kwa kukosa kazi nyingine, akauchosha. Mwenye kadhaa huukata mmoja leo, akauacha upumzike huku akiushughulikia mwingine. Aidha, mmoja ukifa, atakuwa amejifunza bila kupoteza yote.

Mwisho, ni muhimu kila mkuzaji amteue na kumfundisha mtu mwingine nyumbani jinsi ya kunywesha miti yake. Safari ya siku nne ya harusi au mazishi mashambani yatosha kuufuta mti wa miaka kumi. Wenye kitalu cha Saitama walijua hilo vyema, ndiyo maana walipoibiwa walitangulia kuulizia maji.